Namba Zinazomlinda Mgonjwa wa Nsemulwa

Mkazi wa Nsemulwa, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, akianguka na bodaboda na kuumia mguu, daktari atamwandikia picha ya eksirei kabla ya kuamua lolote jingine. Ndani ya chumba kile mhudumu anapanga nguvu ya umeme wa mashine, wingi wa mkondo, muda na umbali, kisha anabonyeza kitufe. Vikipangwa sawasawa, ufa wa mfupa unaonekana na kazi imekwisha. Vikikosewa, ama picha haisomeki na mgonjwa anapigwa tena, ama picha inatoka safi kabisa huku mwili umepokea mionzi mara kadhaa ya ile iliyohitajika. Katika hali zote hizo mgonjwa hasikii chochote. Mionzi ya hospitali haina harufu wala rangi, haiunguzi ngozi papo hapo, na madhara ya dozi ndogo, yakitokea, huja baada ya miaka mingi, wakati hakuna tena anayeikumbuka picha ile. Kinga ya mgonjwa huyu ni kipimo, na nyuma ya kipimo yuko mtafiti aliyetumia maisha yake ya kazi kujua ni kiasi gani kinaingia mwilini. Hoja yangu ni kwamba Tanzania inao watafiti wa namna hiyo, matunda yao yanaonekana, na bado tunawaweka pembeni kila mjadala wa nyuklia unapozuka. Tunazungumza urani na umeme wa nyuklia wakati tungepaswa kuanza na wapimaji.

Taaluma hii haina umri mrefu nchini. Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao yake Vienna, mwaka 1976. Sheria ya kinga dhidi ya mionzi, Namba 5 ya 1983, iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi, ambayo maabara zake zilijengwa Arusha. Miaka mitatu baadaye mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka, na nchi zisizokuwa na mtambo hata mmoja zikajikuta zinalazimika kujua kama maziwa ya unga yaliyoagizwa kutoka Ulaya yana seziamu yenye mionzi. Mwaka 2003 Sheria ya Nguvu za Atomu, Namba 7, ikaleta Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, tunayoifahamu leo. Katika taasisi hiyo walifanya kazi watu kama Wilson Muhogora, Felix Banzi na James Ngaile. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Fizikia, walikuwapo Peter Msaki na Najat Mohammed. Majina haya hayasikiki redioni. Lakini ukiyasoma maandishi yao kwa mfuatano wa miaka, unaiona sura ya maisha ya mtafiti wa dozi za mionzi: swali moja linaloulizwa hospitali baada ya hospitali, mgodi baada ya mgodi, kwa subira ambayo magazeti hayana habari nayo.

Kazi yenyewe inasimama juu ya fizikia ya nyuklia na ya maada, na inafaa kuieleza kidogo ili ionekane kwa nini haiwezi kufanywa na yeyote mwenye kifaa mkononi. Beji inayovaliwa na mhudumu wa eksirei mara nyingi hubeba kipande kidogo cha fuwele ya lithiamu floraidi iliyotiwa chembe za magnesi na titani. Mionzi ikipita ndani yake, elektroni hurushwa na kunaswa kwenye kasoro za fuwele, na hukaa humo kwa wiki nyingi. Maabara ikiipasha moto fuwele, elektroni zile huachiliwa na kutoa mwanga hafifu, ambao kipokezi hugeuza kuwa ishara ya umeme. Mwanga mwingi maana yake dozi kubwa. Lakini mwanga peke yake hausemi dozi ni milisivati ngapi. Lazima fuwele nyingine kama ile iwe imewekwa mbele ya chanzo ambacho nguvu yake inajulikana, na chanzo hicho nacho kiwe kimelinganishwa na kipimo cha juu zaidi. Huo ndio ugezi. Mtandao wa maabara za ugezi wa mionzi ulioanzishwa na IAEA pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 1976 uliundwa ili namba inayosomwa Afrika Mashariki iwe na thamani ile ile inayosomwa Vienna. Mnyororo huo unaanza Ulaya, unapita Arusha na unapaswa kuishia kwenye mashine ya Mpanda. Ukikatika popote, namba iliyobaki ni tarakimu tu.

Je, kazi hii imeleta nini? Ushahidi ulio wazi zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ambao Muhogora ndiye mwandishi wake wa kwanza. Ulihusu hospitali 45 katika nchi 12 za Afrika, Asia na Ulaya Mashariki, chini ya miradi ya IAEA. Watafiti walikagua ubora wa picha na kupima mionzi inayofika kwenye ngozi ya mgonjwa. Walikuta kwamba mahali pengine picha mbovu zilifikia asilimia 53. Fikiria maana yake: zaidi ya nusu ya wagonjwa wamepigwa mionzi na daktari hakupata picha ya kuridhisha. Walikuta pia kwamba dozi kwa kipimo cha aina moja zilitofautiana hadi mara 88 kati ya sehemu moja na nyingine. Kisha wakafanya jambo lililo muhimu kuliko kugundua tatizo: walirekebisha utaratibu, wakapima tena. Ubora wa picha Afrika ulipanda kwa hadi pointi 16 za asilimia, na katika hospitali mojawapo dozi ilishushwa kwa asilimia 85. Kwa sehemu kubwa kilichobadilika ni mpangilio wa mashine zilizokuwapo tayari, uchujaji wa mionzi, usafishaji wa picha na mazoea ya wahudumu.

Utafiti huo haukuzuka ghafla. Mwaka 2001 Muhogora na wenzake walikwishachapisha kazi kuhusu dozi za wagonjwa katika vipimo vya kawaida vya eksirei nchini na uwezekano wa kuzipunguza. Mwaka 2006 Ngaile na Msaki walichapisha makadirio ya dozi zinazofika kwenye viungo vya ndani vya wagonjwa wa CT-Scan nchini, wakati mashine hizo bado zilikuwa chache. Hapo ndipo naona ukubwa wa taaluma hii. Mtu anayesubiri hadi mashine zienee ndipo aanze kupima, atapima mazoea ambayo yamekwisha kuota mizizi. Hawa walipima mwanzoni, na kwa sababu hiyo nchi ina kumbukumbu ya kulinganishia leo, wakati CT-Scan zimepelekwa hospitali za rufaa za mikoa na idadi ya wanaopimwa imeongezeka sana. CT-Scan moja ya tumbo hutoa dozi ya milisivati kadhaa, wakati picha ya kawaida ya kifua haifikii hata milisivati moja. Kwa hiyo kadiri huduma inavyomkaribia mtu wa Katavi, ndivyo swali la dozi linavyozidi uzito kwake.

Katavi ina uhusiano wa pekee na somo hili kupitia madini yake. Mji wa Mpanda ulikuzwa na mgodi wa risasi wa Mukwamba, na ni kwa ajili ya madini hayo kwamba tawi la reli la kutoka Kaliua, la kilomita takriban 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mgodi ulifungwa 1960, reli ikabaki. Risasi ndiyo ngao ya kawaida ya chumba cha eksirei: atomu yake ina protoni 82, ni nzito na imeshikamana, hivyo safu ya nusu milimita tu ndani ya aproni inatosha kuzuia sehemu kubwa ya eksirei za hospitali. Risasi pia ndiyo mwisho wa safari ya urani. Urani-238 hupitia hatua 14 za kuoza, ikitoa elementi ya radi (radium) na gesi ya radoni njiani, mpaka itulie kuwa risasi-206. Mwaka 2008 Ngaile, akiwa na Uiso, Msaki na Kazema, alichapisha utafiti wa kutumia ngao za risasi kulinda viungo vya juujuu, kama macho na tezi ya shingo, kwa wagonjwa wanaopigwa CT-Scan ya kichwa. Miaka iliyofuata mawazo ya dunia yalianza kugeuka. Mwaka 2019 chama cha wafizikia tiba wa Marekani kilishauri kuacha desturi ya kumfunika kila mgonjwa nyonga kwa risasi, kwa maelezo kwamba mashine za kisasa hutumia dozi ndogo, na ngao iliyokaa vibaya huweza kuficha kiungo kinachochunguzwa au kuifanya mashine iongeze mionzi. Hospitali ya Tanzania ifuate lipi? Jibu linategemea umri wa mashine yake, mpangilio wake na mafunzo ya mhudumu wake. Ushauri uliotolewa kwa mashine mpya za Marekani hauwezi kuhamishiwa kwenye mashine kuukuu bila kuipima kwanza. Nchi yenye wapimaji wake hutafakari ushauri kama huo na kuamua. Isiyokuwa nao huiga leo na kuacha kesho bila kujua sababu.

Katika tiba ya saratani, kosa la kipimo huua. Mgonjwa wa Katavi anayehitaji tiba ya mionzi husafiri hadi Bugando, Mwanza, au hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1000 kutoka kwao. Anatakiwa kupata dozi ambayo kosa lake halizidi asilimia 5 hivi: ikipungua uvimbe unarudi, ikizidi nyama nzima zinaoza. Mwaka 1996 hospitali moja ya San José, Costa Rica, ilibadilisha chanzo cha kobalti kwenye mashine yake. Katika kupima nguvu ya chanzo kipya, sehemu 0.3 ya dakika, yaani sekunde 18, ilihesabiwa kuwa sekunde 30. Kosa hilo dogo la hesabu likaingia katika muda wa kila tiba, na wagonjwa 115 wakapata dozi iliyozidi kwa zaidi ya nusu ya ile waliyoandikiwa. Baadhi walikufa kwa sababu hiyo, wengine wakabaki na ulemavu. Mashine haikuwa mbovu wala daktari hakukosea ugonjwa. Kilichokosekana ni mtu wa pili mwenye ujuzi wa kurudia kipimo kabla mgonjwa wa kwanza hajalazwa kitandani. IAEA na Shirika la Afya Duniani wamekuwa wakituma kwa posta dozimita za ukaguzi kwa hospitali za tiba ya mionzi duniani tangu 1969 kwa sababu kosa la namna hii linaweza kutokea popote, hata mahali penye vifaa bora.

Nje ya hospitali, watafiti hawa wamepima ardhi yenyewe. Banzi, Kifanga na Bundala walichapisha mwaka 2000 matokeo ya mgodi wa fosfeti wa Minjingu, mkoani Manyara, ambako mwamba ulionekana kuwa na zaidi ya bekereli 5000, yaani miozo 5000 kwa sekunde, za radi-226 kwa kila kilo, wakati udongo wa kawaida duniani una bekereli zipatazo 30 au 40. Hiyo ni habari nzito kwa wachimbaji na kwa nchi inayotumia fosfeti ile kutengeneza mbolea. Mwaka 2007 Mlwilo na Najat Mohammed, pamoja na Spyrou wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walichapisha vipimo vya mahindi na mchele, vyakula vinavyobeba maisha ya watu wetu wengi. Mwaka 2013 Mohammed na Mazunga walichapisha vipimo vya udongo na maji ya kijiji cha Likuyu, jirani na urani ya Mto Mkuju, Namtumbo. Thamani ya kazi hii ya mwisho iko kwenye tarehe yake. Vipimo vilichukuliwa kabla ya uchimbaji kuanza. Mwaka 2025 mradi wa Mkuju ulizinduliwa rasmi, na tangu hapo swali la kama maji yamebadilika linaweza kujibiwa, kwa kuwa yupo aliyekwenda na chupa zake mapema. Mgodi ukishaanza, hali ya mwanzo haiwezi kurudishwa ili ipimwe.

Ndiyo maana Katavi isingojee urani ndipo ikumbukwe. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Dirifu na Ibindi wanashuka kwenye maduara membamba yaliyochimbwa ndani ya miamba mikongwe, na miamba ya namna hiyo kwa kawaida hubeba urani na thori kwa viwango mbalimbali. Radoni inayotoka humo ni gesi nzito isiyoonekana, hujikusanya pasipo na hewa inayozunguka, na ni sababu inayotambulika ya saratani ya mapafu. Simwambii mchimbaji kwamba duara lake ni la hatari. Namwambia kwamba duara ambalo halijapimwa haliwezi kuitwa salama wala hatari, na kwamba kipokezi cha radoni ni kidude cha plastiki cha bei ndogo kinachoachwa mahali kwa miezi michache kisha kusomwa maabara.

Wapo watakaosema mkoa wenye upungufu wa madaktari, wenye malaria na vijiji visivyo na maji ya bomba, hauna nafasi ya kuhangaikia milisivati. Hoja hii ina uzito, na mtu asiijibu kwa kupuuza malaria. Lakini inadhani kwamba dozimetria, yaani upimaji wa dozi, inagombea na huduma nyingine fedha zile zile, wakati ushahidi wa 2008 unaonyesha inaziokoa. Picha mbovu inakula umeme, muda wa mhudumu, nauli ya mgonjwa aliyetoka Karema au Mpimbwe, na maisha ya mashine yenyewe, kisha inarudiwa. Serikali imekwisha kulipa gharama kubwa, ile ya kununua mashine. Kukataa gharama ndogo ya kuipima ni kama kujenga ghala la mahindi na kuacha kununua mizani. Malaria nayo haipungui kwa sababu picha za eksirei zimeachwa bila kukaguliwa.

Pingamizi la pili lina ujanja zaidi: kwa nini tusitume beji na vifaa vyetu nje vikapimwe na maabara kubwa, badala ya kulea watafiti wetu kwa miaka thelathini? Kwa upande wa ugezi wa ngazi ya juu, ndivyo tunavyofanya, na ni sahihi. Hakuna nchi inayofanya yote peke yake. Lakini namba inayorudi kwa barua kutoka ng'ambo haiji na mtu wa kuingia chumbani kumwonyesha mhudumu kwamba anaweka mashine karibu mno au anatumia muda mrefu mno. Dozi zilizotofautiana mara 88 zilipunguzwa na watu waliokwenda mahali, wakaongea na wahudumu, wakarudi tena. Pia wapo wanaosema watafiti hawa wakishasoma Uingereza au Austria hawarudi. Baadhi hawarudi, kweli. Watanzania waliotajwa hapa walichapisha kazi zao wakiwa katika taasisi za Tanzania, nyingi kuhusu hospitali na migodi ya Tanzania, na jambo la kujiuliza ni nani anawarithi wanapostaafu. Taaluma inayotegemea watu wachache hufa kimya. Mwaka mtaalamu anapoondoka bila mwanafunzi, mnyororo wa ugezi hukatika, na wagonjwa wanaendelea kupigwa picha kama kawaida.

Lipo la tatu, ambalo wafanyabiashara wa mazao hulisema kwa sauti: kwamba vipimo vya mionzi kwenye mizigo ni tozo iliyovikwa koti la sayansi. Malalamiko kuhusu ada na ucheleweshaji yanastahili kusikilizwa, kwani mchele unaosubiri cheti cha mionzi hupoteza soko. Dawa yake ni maabara iliyo karibu na majibu ya haraka, na hizo haziji bila wapimaji wengi zaidi. Na wapo wanaohofia kwamba kuzungumzia dozi kutawatisha watu wakimbie eksirei. Mimi naona kinyume chake. Binadamu wa kawaida duniani hupokea wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga, hewa na chakula, na picha moja ya kifua ni sehemu ndogo sana ya hizo. Mama anayeogopa mwanawe kupigwa picha ya kifua akiambiwa hivyo na mtu mwenye kipimo mkononi, ataelewa. Akiambiwa "usiogope" bila namba, hofu inabaki pale pale.

Kuna mfano wa nyumbani unaoonyesha dozi iliyopimwa vema ikileta neema tupu. Kati ya 1994 na 1997 Unguja ilimaliza mbung'o wake kwa kuachia mamilioni ya madume yaliyofugwa Tanga na kuhasiwa kwa miali ya gama, ili majike yanayokutana nayo yasizae. Dozi ikiwa ndogo, dume linabaki na uwezo wa kuzaa. Ikiwa kubwa, linadhoofika na kushindwa kumfikia jike. Mradi mzima ulisimama katikati ya viwango hivyo viwili. Katavi, yenye mbung'o hadi leo, si kisiwa, na njia ile haiwezi kuletwa hapa kama ilivyo, kwa kuwa mbung'o wapya wangeendelea kuingia kutoka misituni. Hata hivyo mfano unatosha kuonyesha kwamba mpimaji wa mionzi si mlinzi wa mlangoni peke yake. Anashiriki katika kazi inayozaa matunda.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya njia hii ya utafiti ni njema, na lawama yangu iko kwa sisi tunaonufaika nayo. Serikali inapopanga wafanyakazi wa hospitali za rufaa za mikoa, Katavi ikiwamo, iweke nafasi ya mfizikia tiba yenye mshahara na ngazi ya kupanda, na impe kifaa chenye cheti cha ugezi kutoka Arusha. Vyuo vikuu viwapeleke wanafunzi wa shahada za juu kupima maduara ya Dirifu na visima vya Mpanda sasa, kabla mwekezaji mkubwa hajafika. TAEC itoe kwa Kiswahili, mkoa kwa mkoa, wastani wa dozi za vipimo vya kawaida, ili mgonjwa ajue hospitali yake inasimama wapi. Na wewe msomaji wa Nsemulwa, siku utakapoandikiwa picha, kubali kupimwa bila hofu, kisha muulize mhudumu mashine ile ilikaguliwa lini. Una haki ya kupewa jibu.